UZI: Kutoka kadi ya ATM hadi Paybill. Mlango wa kamari ulihamia vipi mfukoni mwetu?

1/ Wadau, kila msimu wa bajeti mjadala ni ule ule. Mheshimiwa mmoja anasimama anasema kamari inamaliza vijana, ipigwe marufuku. Mwingine anasimama anasema inaleta ushuru na ajira, iachwe. Sisi huku chini tunagawana kambi, tunatukanana siku mbili, halafu tunasahau. Uzi huu hauna kambi. Ni historia ya kitu kimoja ambacho hakitajwi sana: pesa inaingiaje kwa akaunti ya kamari?

2/ Swali lilinijia nikiwa likizo nyumbani, Ngaremara. Kuna kibanda cha kuchaji simu kando ya barabara ya Isiolo kwenda Archer's Post. Jamaa mmoja wa rika langu ameketi hapo na kadi ya ATM mkononi. Kadi ya zamani kabisa, maandishi yamefifia. Akaniita: "Wewe si ni wa chuo? Hebu niangalilie, hii kadi inakataa." Alikuwa anajaribu kuiweka kwa tovuti ya kubeti ya nje.

3/ Kadi ilikuwa ya marehemu babake, aliyewahi kuwa askari wa zamu kwa loji moja huko mbugani. Mshahara ulikuwa unapitia benki. Mama alikuwa ameihifadhi ndani ya mkebe wa majani chai pamoja na vyeti. Hakujua imetoka. Nilimwambia haitaingia, akauliza kwa nini. Nilianza kujibu, nikagundua jibu lenyewe ni historia nzima ya mambo tunayobishania Bungeni.

4/ Tuanze mwanzo. Sheria ya kwanza kubwa ya kamari katika Kenya huru ni ya 1966, Sura ya 131. Ndiyo iliyounda bodi ya kudhibiti na kutoa leseni, ile tuliizoea kwa jina BCLB. Ukiisoma unaona dunia ya wakati ule: mbio za farasi, kasino, tiketi za bahati nasibu. Kamari ilikuwa na anwani. Kulikuwa na jengo, mlango, na mtu wa kukuangalia usoni aone kama wewe ni mtoto.

5/ Pesa nayo ilikuwa noti na sarafu. Ili uicheze ilibidi uwe mahali fulani. Mtu wa Ngaremara wa 1975 hata angetaka kuingia kasino angefunga safari hadi Nairobi, na nauli pekee ingemaliza hamu. Hakuna aliyetunga sheria ya kumlinda. Umbali ndio uliomlinda.

6/ Intaneti ikavunja jengo. Mwaka 1994 kisiwa kidogo cha Karibea, Antigua na Barbuda, kilipitisha sheria iliyofungua njia ya kutoa leseni kwa kampuni za kamari za mtandaoni. Ghafla kasino inaweza kuwa kisiwani na mchezaji akawa popote. Lakini kukawa na tatizo moja: noti haiingii kwa kompyuta. Kilichosaidia ni kadi ya benki.

7/ Hapo ndipo kadi ikawa mlango. Na huo mlango ulikuwa mwembamba. Ili uwe na kadi lazima uwe na akaunti. Ili uwe na akaunti lazima uwe na kitambulisho, maana yake umefika miaka 18. Lazima uwe na tawi la benki karibu, na kwetu karibu ni Isiolo mjini. Kwa wengi lazima pia uwe na mshahara. Kwa hivyo miaka ya 2000, Mkenya aliyebeti mtandaoni kwa kadi alikuwa mtu wa ofisi, wa mjini, na hawakuwa wengi.

8/ Tena si kila kadi ilikubalika. Kadi nyingi tulizopewa Kenya wakati ule zilikuwa za Visa Electron, ile isiyo na namba zilizoinuka. Ilibidi benki iulizwe kila mara kama pesa ipo kabla malipo yapite, na tovuti nyingi hazikuikubali. Ilikuwa kadi ya kutolea mshahara kwa mashine, basi.

9/ Sasa turudi kwa kadi ya yule jamaa. Ilikataa kwa sababu kadhaa, na kila sababu ni kizazi kimoja cha usalama:
- Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita.
- Ilikuwa ya utepe mweusi, haina chipu. Benki za Kenya zilihamia kadi za chipu na PIN karibu 2014 kwa sababu utepe ulikuwa rahisi kunakiliwa.
- Siku hizi ukilipa mtandaoni benki hutuma namba ya siri kwa simu iliyosajiliwa. Laini ya mzee ilishazimwa.
- Jina la kadi si jina la mwenye akaunti ya kubeti.

10/ Sababu ya mwisho ndiyo nzito zaidi. Kampuni nyingi zinataka pesa irudi kwa njia ile ile iliyoingilia, na kwa mtu yule yule. Si ukarimu. Ni sheria za kuzuia utakatishaji wa pesa. Kenya ilipitisha yake 2009, na kasino, zikiwemo za mtandaoni, zimetajwa humo kati ya wanaopaswa kuripoti miamala ya kutiliwa shaka. Kwa hivyo hata kama kadi ya marehemu ingepita kuingia, kutoa ingekuwa kesi.

11/ Na kuna jambo jamaa hakulifikiria, ikabidi nimwambie polepole: pesa iliyobaki kwa akaunti ya marehemu si ya kadi, ni ya mirathi. Mama yake na ndugu zake wote wana sehemu. Akanyamaza. Akasema, "Kumbe ningeibia mathe." Nikamwambia bado hujaiba, rudisha mkebeni.

12/ Tuendelee. Nchi tajiri ziligundua mapema kwamba kushika tovuti ni kama kushika moshi, lakini kushika malipo kunawezekana. Marekani, Oktoba 2006, ilipitisha sheria iliyokataza kampuni za kamari haramu ya mtandaoni kupokea malipo, ikazipa benki jukumu la kuyazuia. Mchezaji hakufukuzwa. Bomba la pesa ndilo lililobanwa. Benki ziliweza kwa sababu kila biashara ya kadi ina namba ya aina yake, na ya kamari ni 7995. Benki ikiona 7995 inaweza kukataa.

13/ Uingereza nayo, tarehe 14 Aprili 2020, ilipiga marufuku kubeti kwa kadi ya mkopo. Kadi ya debiti ikaachwa. Mantiki yao: pesa yako chezea ukitaka, ya kukopa hapana. Shika hii hoja, tutaihitaji mbele.

14/ Sisi tulipita njia nyingine. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa. Mwanzoni ilikuwa ya kutuma pesa nyumbani, halafu ikaja Paybill, na kampuni yoyote ikaweza kupokea malipo kutoka kwa simu yoyote, hata ile ya kitochi. Kila kizuizi cha kadi kikaanguka kimoja kimoja: tawi la benki, mshahara, intaneti yenyewe. Ulihitaji laini na PIN ya tarakimu nne.

15/ Mwaka 2014 SportPesa ikaanza kazi Kenya, wengine wakafuata, na kubeti kukawa kwa SMS na Paybill. Mechi ya Uingereza, dau la Ngaremara, sekunde chache. Ndani ya miaka michache nembo za kubeti zilikuwa kwa jezi za Gor Mahia na AFC Leopards, hata Everton kule Uingereza. Sheria bado ilikuwa ile ya 1966. Bunge lilikuwa linaongoza boda kwa kitabu cha mkokoteni.

16/ Serikali ilijibu kwanza kwa kodi. Kuanzia 1 Januari 2018 kampuni zilitozwa asilimia 35 ya mapato ya kamari. Udhamini wa michezo ukakatwa mwezi huo huo, na vilabu vikalia. Kabla mwaka uishe kiwango kikashushwa hadi 15, lakini mshindi naye akaanza kukatwa asilimia 20 ya ushindi. Wakati huo pia ukaundwa Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, unaolishwa na kodi hizi. Kuanzia hapo, kila anayesema "funga kamari" lazima ajibu: timu ya taifa italipwa na nini?

17/ Halafu Julai 2019. Leseni za kampuni 27 hazikuongezwa kwa sababu ya mzozo wa kodi, na bodi ikaiandikia Safaricom izime Paybill zao. Oneni hilo. Hakuna polisi aliyevunja ofisi, hakuna tovuti iliyohitaji kuzimwa. Namba ya malipo ikifa, biashara imekufa. Ni kile kile Marekani ilifanya 2006, ila kwetu kulikuwa na bomba moja kubwa, kwa hivyo barua moja ilitosha. Septemba mwaka huo SportPesa na Betin zikatangaza kusimamisha kazi Kenya, na mamia wakapoteza ajira.

18/ Ikafuata ngoma ya ushuru wa bidhaa kwa kila dau. Fuateni:
- 2019: asilimia 20
- 2020: ukaondolewa kabisa
- 2021: 7.5
- 2023: 12.5
- Desemba 2024: 15
Huu mdundo ndio mnaousikia Bungeni kila Juni. Lakini kiwango si hadithi yote. Hadithi kubwa ni ya 2025.

19/ Sheria ya Fedha ya 2025 ilishusha ushuru kutoka 15 hadi 5. Wengi walisoma hapo wakafunga ukurasa: "wameipunguzia kamari." Lakini kilichobadilika zaidi ni KINACHOTOZWA. Zamani ilikuwa kila dau. Kuanzia 1 Julai 2025 ni pesa unayoweka kwa akaunti. Na ile 20 ya ushindi ikawa asilimia 5 ya pesa unayotoa. Kwa maneno mengine, serikali imehamisha meza yake ya ushuru hadi mlangoni.

20/ Hesabu ya kibanda cha kuchaji simu:

Jamaa A anaweka 100. Anashinda kidogo, anapoteza kidogo, anaizungusha hadi jumla ya madau yake ni 1,000, mwishowe anabaki sufuri. Zamani: asilimia 15 ya 1,000 ni 150, mbali na ile 20 ya kila ushindi mdogo. Sasa: asilimia 5 ya 100 ni 5.

Jamaa B anaweka 100, anabeti mara moja, anapata 300, anatoa zote na kwenda zake. Zamani: 15 ya dau, na 40 ya ushindi wa 200, jumla 55. Sasa: 5 ya kuweka na 15 ya kutoa, jumla 20.

21/ Wote wamepunguziwa. Lakini linganisheni. Anayezungusha hadi anaisha, mzigo wake umeshuka kutoka zaidi ya 150 hadi 5. Anayeshinda na kuondoka, kutoka 55 hadi 20. Leo B analipa mara nne ya A. Yaani mlango wa kuingia una ushuru, wa kutoka una ushuru, lakini ndani kuzunguka ni bure. Ukiwa ndani, hesabu inakuambia: kaa. Sisemi ndiyo iliyokuwa nia. Nasema ndivyo kodi inavyofanya kazi, na sijasikia mtu akiuliza hivyo kwenye kipaza sauti.

22/ Tuwe waungwana, upande wa pili una hoja. Moja: michezo ya siku hizi ni ya sekunde, kuhesabu kila dau ni kazi ngumu na kuficha ni rahisi, ilhali pesa inayopita Paybill inaonekana. Mbili: ukibana sana kampuni za hapa, watu wanakimbilia tovuti za nje zisizo na leseni yetu wala kodi yetu. Na huko wanalipa kwa nini? Kwa kadi. Ile kadi tuliyodhani imezeeka inarudi kama njia ya panya. Jamaa wetu wa kibandani alikuwa anajaribu hiyo hiyo.

23/ Sasa ile hoja ya Uingereza. Wao waliweza kutenga pesa yako na pesa ya mkopo kwa sababu ziko kwa kadi mbili tofauti. Kwetu M-Shwari ilikuja 2012 na Fuliza 2019. Mkopo wa M-Shwari ukishatua kwa M-Pesa, hauna rangi. Shilingi ya mkopo na shilingi ya mbuzi uliyouza soko la Isiolo zinaonekana sawa kabisa. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema "tupige marufuku kubeti kwa mkopo kama Uingereza," muulize: kwa simu utazitofautisha vipi? Jibu linaweza kuwepo, lakini si lile la Uingereza.

24/ Jambo jingine ambalo watu wa kaunti tungelishika: Katiba ya 2010, Ratiba ya Nne, imegawa kamari. Kamari ya kitaifa ni ya serikali kuu, lakini kubeti, kasino na aina nyingine za kamari zimo pia kwa orodha ya kaunti, chini ya burudani za umma. Hii iliandikwa kwa kamari yenye anwani. Mashine za sarafu ya shilingi 20 zilipojaa madukani, chifu na kaunti waliweza kuziona, na nyingine zilichomwa hadharani. Paybill haina wadi. Dau likitoka Ngaremara, je, kamari imechezwa Isiolo au Nairobi? Pesa tunajua imeenda wapi. Madhara yanabaki wapi, tunajua pia.

25/ Agosti 2025 hatimaye sheria ya 1966 ikapata mrithi. Sheria ya Udhibiti wa Kamari ilitiwa saini na mamlaka mpya ikachukua nafasi ya bodi ya zamani. Miezi michache kabla, mwishoni mwa Aprili, bodi ilikuwa imesimamisha matangazo ya kamari kwa siku 30. Kuwa na sheria ya karne hii ni hatua. Lakini mamlaka mpya italinda mlango au itauhesabu tu? Hapo ndipo mjadala unapaswa kuwa.

26/ Kwa hivyo mheshimiwa yeyote akija kwenu na hotuba ya kamari, wa kambi yoyote, msimuulize kama anaipenda au anaichukia. Muulizeni matatu:
i) Kuna kikomo cha pesa mtu anaweza kuweka kwa siku, na nani anakisimamia?
ii) Kwa nini anayeshinda na kuondoka analipa zaidi ya anayezungusha hadi anaisha?
iii) Katika ushuru unaokusanywa mlangoni, kaunti inayobaki na familia zilizoumia inapata nini?

27/ Somo la historia yenyewe ni hili. Kadi ilikuwa mlango mwembamba, na wembamba wake ulilinda watu bila kukusudia: umbali, tarehe ya mwisho, jina, chipu, namba ya siri. Tulipoupanua kwa simu tulifanya jambo zuri. Mama wa Ngaremara anapokea pesa ya karo bila kupanda matatu hadi mjini, na hakuna anayetaka turudi nyuma. Ila kila kizuizi tulichoondoa kilikuwa na kazi mbili, na tulikumbuka moja tu.

28/ Mkitaka kujua iliisha vipi: jamaa alirudisha kadi kwa kifuko cha plastiki, akaitia mfuko wa shati, akasema ataipeleka nyumbani, na mama ataambiwa aende benki na cheti cha kifo afuatilie kilichobaki. Nilifurahi, nikajiona nimefanya kazi ya maana.

Halafu akatoa simu yake, akaingiza namba ya Paybill anayoijua kwa kichwa, akaweka 100. Sikufika hata kumaliza soda.

Kadi ilimkatalia kwa sababu kadhaa. Simu haikumuuliza hata moja.

Uzi umeisha. Ukiona nimekosea hesabu ya post 20, nirekebishe hapa chini kwa heshima. Ukiona iko sawa, mpelekee mbunge wako hilo swali la pili.